Mwanafunzi asikiliza pampu, lakini nani atamlipa fundi?

Na Mwandishi Wetu

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za mahindi, maharage, vitunguu na mbuzi kutoka soko moja hadi jingine. Bidhaa ya wiki hii ni maji ya kisima. Maji nayo yana muuzaji na mnunuzi, yana gharama ya usafiri, yana msimu wa kupanda na wa kushuka, na bei yake hupaa siku ile ile pampu ya kijiji inapoharibika. Tena mnunuzi wa maji yuko katika hali ngumu kuliko mnunuzi wa mahindi, kwani hawezi kusema atakaa wiki mbili akisubiri bei ishuke.

Katika biashara hiyo limeingia jina la mtu ambaye si mfanyabiashara. Mwaka 2017 jarida moja la kitaalamu la masuala ya mazingira na kompyuta lilichapisha utafiti uliofanywa kwenye pampu za mikono za Kwale, pwani ya Kenya. Jina la kwanza katika orodha ya watafiti lilikuwa la Farah Colchester, aliyefanya kazi hiyo akiwa mwanafunzi wa udaktari wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Utafiti huo ulionyesha kwamba mtikisiko wa mpini wa pampu unaweza kueleza maji yapo kina gani chini ya ardhi, bila mtu kuteremsha kamba kisimani.

Kwa wasomi, jina la mwanafunzi kutangulia majina ya wakuu wake ni heshima kubwa. Heshima hiyo amestahili. Hata hivyo, ukurasa wa soko una swali lake la kila wiki, nalo halibadiliki kwa sababu bidhaa ni ya kisayansi: taarifa hii ina thamani gani kwa mama aliyesimama kisimani na dumu tupu, na nani analipia?

Kilichoanza Kyuso

Ili kupata jibu ni lazima turudi nyuma kidogo, hadi Kyuso, sehemu kavu ya Kaunti ya Kitui, mashariki mwa Kenya. Huko watu wengi hutegemea pampu za mikono zilizofungwa juu ya visima. Pampu zinazotumika sana ni za aina ya Afridev, ambayo iliundwa miaka ya 1980 kwa nia kwamba wanakijiji wenyewe waweze kuifungua na kuitengeneza kwa vifaa vichache. Kwale, ambako mwanafunzi wetu alikuja kufanyia utafiti wake baadaye, ni moja ya sehemu ambako pampu hiyo ilijaribiwa katika miaka hiyo.

Nia ilikuwa njema, lakini mambo hayakwenda kama yalivyopangwa. Mwaka 2009 yalitolewa makadirio kwamba karibu pampu 1 kati ya 3 katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara haikuwa ikitoa maji. Tathmini nyingine ya mwaka 2019 ilipunguza kiasi hicho hadi karibu pampu 1 kati ya 4. Hata ukichukua takwimu hiyo iliyo nafuu, mfanyabiashara yeyote anaielewa: ni sawa na kuwa na malori manne huku moja limelala gereji mwaka mzima, na mwenye mali hana habari ni lipi.

Hapo ndipo palikuwa na tatizo la kwanza. Pampu ikikatika, wanaojua ni wale wanaoitumia. Ofisi ya maji iko mbali, fundi yuko mbali, na aliyetoa fedha za kuchimba kisima yuko mbali zaidi. Habari husafiri kwa miguu, na mara nyingi huishia njiani.

Watafiti wa Oxford, wakiongozwa na Rob Hope na Patrick Thomson, waliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Mtandao wa simu za mkononi ulikuwa umefika vijijini kabla ya maji ya bomba. Ikiwa mkulima anaweza kupokea fedha kwa simu chini ya mti, kwa nini pampu nayo isitume ujumbe?

Baada ya majaribio ya awali nchini Zambia, vifaa vilifungwa kwenye pampu 66 za Kyuso, na huduma ikaendeshwa kwa mwaka mmoja hivi. Fedha zilitoka DFID, idara ya Serikali ya Uingereza iliyokuwa ikishughulikia misaada ya maendeleo. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Kabla ya mpango huo, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 kabla ya kutengenezwa. Baada ya mpango, wastani ulishuka hadi chini ya siku 3. Pampu zilizokuwa zikifanya kazi zilifikia asilimia 98.

Namna kifaa kinavyofanya kazi

Kifaa chenyewe si kikubwa, nacho huwekwa ndani ya mpini wa pampu, mahali ambapo mvua haikifikii na mtoto hawezi kukichezea. Ndani yake mna kipima mtikisiko, kompyuta ndogo, betri na laini ya simu. Kipima mtikisiko cha namna hiyo ndicho kinachoifanya simu ya mkononi itambue kwamba umeigeuza.

Mpini ukipanda na kushuka, kifaa huhesabu. Kwa kuwa kila pigo la mpini hutoa kiasi fulani cha maji, idadi ya mapigo inampa mtaalamu makadirio ya lita zilizochotwa katika saa moja. Hesabu hiyo hutumwa kwa ujumbe mfupi hadi kwenye kompyuta ya ofisi. Pampu iliyokuwa ikipigwa tangu alfajiri hadi jioni ikinyamaza ghafla, ofisi inapata fununu kwamba kuna jambo. Fundi anapigiwa simu, anapanda pikipiki na vipuri vyake, anakwenda.

Msomaji atambue kwamba kifaa hakitengenezi chochote. Kazi yake ni kufupisha muda kati ya kuharibika na kujulikana. Muda unaobaki, yaani kati ya kujulikana na kutengenezwa, uko mikononi mwa fundi mwenye mafuta ya pikipiki, vipuri na uhakika wa malipo.

Hesabu ya siku 27

Siku 27 zina maana gani mfukoni? Tufanye hesabu ya mfano, na msomaji aweke bei za kwake mahali pa bei zetu.

Chukua kijiji chenye familia 40 zinazotumia pampu moja. Kila familia inachota madumu 5 ya lita 20 kwa siku. Kisimani dumu ni shilingi 2 za Kenya. Pampu ikifa, mwenye punda analeta maji kutoka mbali na kuuza dumu kwa shilingi 20. Kila dumu limeongezeka shilingi 18, hivyo kila familia inalipa shilingi 90 zaidi kwa siku.

Kwa siku 27, familia moja imepoteza shilingi 2,430. Kwa siku 3, imepoteza shilingi 270. Tofauti ni shilingi 2,160 kwa familia, na kwa familia zote 40 ni shilingi 86,400. Hayo yote ni kwa pampu moja kuharibika mara moja, na mara nyingi kilichoharibika ni mpira au kipande cha plastiki ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hasara hiyo.

Familia isiyo na shilingi 20 hainunui kwa mwenye punda. Inatuma mama au binti kwenye bwawa au mto mkavu unaochimbwa kwa mikono. Gharama hiyo haionekani katika daftari lolote la soko, lakini inaonekana shuleni pale binti anapokosekana, na zahanati pale mtoto anapoletwa akiharisha.

Kwa hiyo fedha ya kulipia matengenezo ipo. Kinachotokea ni kwamba inalipwa kwa mtu mwingine, kwa wakati mbaya, na haiachi pampu nzima.

Mwanafunzi na kelele za mpini

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Vifaa vya Kyuso vilitengenezwa kwa ajili ya kuhesabu mapigo. Mitikisiko midogo midogo iliyopita juu ya kila pigo ilionekana kuwa takataka tu, kama mikwaruzo ya redio inapotafuta stesheni.

Colchester na wenzake waliichukua takataka hiyo wakaifanyia kazi. Wazo lao linaeleweka hata kwa mtu ambaye hajasoma uhandisi. Anayepiga pampu ananyanyua nguzo ya maji. Maji yakiwa karibu, nguzo ni fupi na nyepesi; yakiwa mbali, nguzo ni ndefu na nzito. Uzito huo unabadilisha namna chuma kinavyotikisika. Mpigaji mzoefu anausikia mkononi wakati wa kiangazi, ingawa hawezi kuueleza kwa mita.

Kompyuta ilipewa mifano mingi: mitikisiko hii ilirekodiwa maji yakiwa kina hiki, na ile yakiwa kina kile. Baada ya kujifunza kwa mifano, iliweza kukadiria kina cha maji kutokana na mitikisiko mipya. Maabara iliyofanya kazi hiyo ni ya Profesa David Clifton, ambaye fani yake kubwa ni kutumia kompyuta kufuatilia wagonjwa na kugundua mapema wanaozidiwa. Njia za wodini, kwa maneno mengine, zilihamishiwa kisimani.

Thamani ya matokeo hayo kwa Kwale ni rahisi kuiona. Maji ya ardhini ya eneo hilo yana wateja wengi. Mbali na vijiji na hoteli za ufukweni, kuna mashamba ya miwa ya umwagiliaji, na kwa zaidi ya miaka kumi kulikuwa na mgodi mkubwa wa mchanga wenye titaniamu, uliomaliza uchimbaji mwishoni mwa mwaka 2024. Mkubwa ana visima vyake vya kupimia na wataalamu wake. Mwanakijiji hana. Iwapo pampu yake mwenyewe inaweza kuweka kumbukumbu ya kina cha maji siku hadi siku, basi siku ya kukaa mezani na wakubwa hatakuja na malalamiko peke yake. Atakuja na daftari.

Mwanafunzi mwingine wa udaktari wa maabara hiyo hiyo, Heloise Greeff, aliendeleza upande wa pili wa jambo hilo, yaani kutambua hali ya pampu yenyewe. Utafiti alioutanguliza jina ulichapishwa mwaka 2019, nao unahusu kufanya sehemu ya hesabu ndani ya kifaa kilichopo kwenye pampu badala ya kutuma kila kitu ofisini. Sababu yake ni ya kibiashara kabisa: kutuma data nyingi kunakula betri na fedha za laini. Lengo la kazi ya namna hii ni kwamba fundi aitwe pampu inapoanza kuugua, kabla haijafa.

Funzo la Rwanda

Wenye mawazo ya haraka wanaweza kusema: basi vifungwe vifaa kwenye pampu zote, tatizo liishe. Wenzetu wa Rwanda walipima jambo hilo, na matokeo yao yanafaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya maji.

Watafiti kutoka Marekani, wakiwemo Evan Thomas na wenzake, walifunga vifaa vya kutuma taarifa kwa mtandao wa simu kwenye pampu 181 za vijijini nchini Rwanda. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2015. Pampu ziligawanywa katika mafungu matatu. La kwanza liliachwa katika utaratibu wa kawaida wa matengenezo. La pili lilikuwa na mafundi wanaozunguka kwa ratiba. La tatu lilifuata utaratibu wa gari la wagonjwa: taarifa ya kifaa ikionyesha tatizo, fundi anatumwa.

Katika fungu la kwanza, muda wa kati wa kutengeneza pampu ulikuwa kama siku 152, na pampu zilifanya kazi kwa wastani wa asilimia 68. Katika fungu la pili, muda ulikuwa kama siku 57 na utendaji asilimia 73. Katika fungu la tatu, siku 21 na asilimia 91.

Msomaji aangalie tena takwimu hizo. Vifaa vilikuwapo kwenye pampu zote 181. Pampu za fungu la kwanza nazo zilikuwa zikitoa taarifa, lakini zilikaa miezi mitano bila kutengenezwa kwa sababu hapakuwa na utaratibu wa mtu kuamka na kwenda. Taarifa isiyo na fundi nyuma yake ni kama bei nzuri inayotangazwa redioni kwenye soko lisilo na barabara.

Hata fungu lililofanya vizuri lilihitaji wiki tatu, wakati Kyuso ilifika chini ya siku 3. Kila mahali pana jiografia yake, umbali wake, na ugumu wake wa kupata vipuri, na kifaa hakiwezi kuondoa mambo hayo.

Kimya cha mvua

Kuna jambo jingine ambalo linawagusa moja kwa moja wenye kufikiria kuingia katika biashara hii. Pampu inaweza kunyamaza bila kuharibika.

Mvua ikinyesha, watu hukinga maji ya paa, au huchota kwenye madimbwi na vijito vilivyo karibu zaidi. Matumizi ya pampu hushuka. Takwimu za vifaa vya Kenya zimeonyesha mwenendo huo waziwazi. Kwa ofisi, hii ina maana kwamba kimya peke yake si ushahidi. Fundi anaweza kuendesha pikipiki kilomita nyingi kwenye matope akakuta pampu nzima, ila wateja wamekwenda kwingine. Ndiyo sababu kazi ya kina wanafunzi hawa ina maana, kwa kuwa mtikisiko unaeleza zaidi ya idadi ya mapigo.

Kwa mwenye mradi, maana yake ni nzito zaidi. Ikiwa mapato yako yanatokana na kila dumu linalouzwa, mvua inakausha kisanduku chako, wakati mshahara wa fundi hauna masika wala kiangazi. Kwa hiyo wengi waliojaribu huduma hii wameona afadhali ada ya mwezi kwa pampu, inayolipwa na kikundi cha watumiaji, kuliko kutegemea senti za dumu kwa dumu. Mteja hapo ananunua uhakika wa kukuta maji, kama anayekata bima.

Nani analipa?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Baada ya Kyuso, kazi iliendelea katika Kitui na Kwale kwa jina la FundiFix. Ni utaratibu wa makampuni madogo ya wenyeji yanayoingia mkataba na vikundi vya watumiaji: kikundi kinalipa ada, kampuni inahakikisha pampu inafanya kazi na inatengenezwa kwa siku chache. Utafiti wa Kyuso ulikuwa umeonyesha kwamba watu wako tayari kulipa zaidi pale wanapoiona huduma kwa macho, na kwamba malipo yafungwe kwenye matokeo: hakuna maji, hakuna ada.

Hata hivyo, ada za wanakijiji hazijatosha kubeba gharama zote. Uliundwa mfuko wa amana wa kuchangia matengenezo, ili kuziba pengo kati ya kile wanakijiji wanachoweza kulipa na kile huduma inachogharimu. Wataalamu wengi wa maji vijijini siku hizi wanakubali kwamba pengo hilo halizibwi na mtumiaji pekee. Mtu wa mjini anayefungua bomba naye mara nyingi hakulipia gharama yote ya bwawa na mabomba makubwa yaliyomletea maji.

Fedha za nje nazo si mgongo wa kuegemea milele. DFID, iliyolipia Kyuso, ilivunjwa mwaka 2020 na kazi zake kuingizwa katika wizara ya mambo ya nje ya Uingereza. USAID ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa miradi ya maji katika kaunti kavu za kaskazini mwa Kenya, ikiwemo kazi ya kufunga vifaa vya taarifa kwenye visima vya mashine, ilifungwa kama shirika mwezi Julai 2025. Pampu ilifungwa kifaa na shirika ambalo leo halipo. Betri ikiisha, barua itaandikwa kwa nani?

Kwa Tanzania

Jambo hili si la Kenya na Rwanda peke yake. Miaka ya mwanzo ya 2010 Wizara ya Maji ya Tanzania iliorodhesha vituo vya maji vijijini nchi nzima. Takwimu hizo zilikuja kutumiwa katika shindano la kompyuta la kimataifa, ambapo washiriki hupewa orodha ya vituo 59,400 ambavyo hali yake inajulikana, kisha hutakiwa kukisia kati ya vituo vingine kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi. Katika orodha hiyo, vituo vinavyofanya kazi ni asilimia 54, vinavyohitaji matengenezo asilimia 7, na visivyofanya kazi asilimia 38. Jukwaa la kompyuta lililohusika na takwimu hizo lilipewa jina zuri la Kiswahili: Taarifa.

Wanafunzi wengi wa kompyuta duniani wamejifunzia kazi kwa visima vya Tanzania kupitia shindano hilo. Ni jambo la kujivunia kwa kiasi fulani. Lakini alama nzuri katika shindano peke yake haikazi nati.

Tangu mwaka 2019 Tanzania ina RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na chini yake vyombo vya watumiaji maji vinavyokusanya fedha na kuendesha miradi. Kwa maneno ya soko, mnunuzi wa huduma ya matengenezo sasa anajulikana kwa jina. Hilo ni jambo ambalo miradi mingi ya zamani haikuwa nalo.

Ushauri wa wiki

Kwa mfanyabiashara, kaunti au halmashauri inayotajiwa vifaa vya namna hii, ukurasa huu unashauri maswali manne yaulizwe kabla ya kutia saini.

Kwanza, ujumbe wa pampu unafika kwa nani, na mtu huyo anawajibika kufanya nini ndani ya siku ngapi? Bila jina na siku kwenye mkataba, usinunue.

Pili, vipuri viko wapi? Duka lililo umbali wa siku mbili linaweza kufuta faida yote iliyoletwa na ujumbe wa dakika mbili.

Tatu, fundi analipwa kwa kutengeneza au kwa pampu kuendelea kufanya kazi? Anayelipwa kwa kutengeneza anasubiri pampu iharibike. Anayelipwa kwa pampu nzima atakwenda kuikagua mapema, na hapo ndipo ujuzi wa kusikiliza mtikisiko utamlipa.

Nne, betri na laini ya simu zitalipiwa na nani mwaka wa tatu, wageni wakishaondoka?

Kwa vijana walioko vyuo vya uhandisi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali, kazi ya Kwale ina funzo jingine. Data ilitoka pwani ya Afrika Mashariki, ikachambuliwa Oxford, na heshima ikaandikwa huko. Hakuna aliyekosea. Lakini pampu ziko hapa, mafundi wako hapa, na anayejua sauti ya mpini wa Afridev wakati wa kiangazi yuko hapa pia. Mwanafunzi atakayekaa wiki kadhaa nyuma ya pikipiki ya fundi, akaandika kila kipuri, kila kilomita na kila siku iliyopotea, atapata takwimu ambazo kifaa hakizitumi.

Mwisho, tukumbuke hesabu yetu ya mfano: shilingi 86,400 kwa kijiji kimoja, kwa pampu moja kukatika mara moja. Fedha hizo zinalipwa leo, dumu kwa dumu, kwa mwenye punda. Atakayeweza kuzigeuza sehemu ndogo kuwa ada ya mwezi inayomfikia fundi kwa wakati atakuwa na biashara. Kijiji nacho kitakuwa na maji kesho asubuhi.